Mama Klachi na Tundu Alilozaliwa Nalo

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliofundishwa kuendesha gari na marehemu, ambao tumewatambua hata kabla hamjashuka kwa jinsi mlivyopanga magari yenu hapo nje kwa mstari ulionyooka: karibuni, na poleni sana. Haya ni maelezo ya maisha ya dada yetu, mke, mama na bibi, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lingine ila Mama Klachi. Tumejitahidi yawe mafupi. Yeye mwenyewe asingekubali, maana kila mtu akimaliza kusema jambo, yeye alikuwa anasogeza kiti na kuuliza, "Enhe, halafu?"

Alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, alfajiri, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa dereva wa lori la kampuni ya ujenzi wa barabara, na mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mkunga alimgeuza huku na huku, akamsikia anavyolia, akamwambia mama yake, "Huyu ni mzima kabisa, na kwa sauti hii atakuja kunadi bidhaa mnadani." Mama aliishika kauli hiyo ya mkunga maisha yake yote, na ikaja kumsumbua, kama mtakavyosikia.

Kuuliza alianza mapema. Akiwa na miaka minne hivi alimuuliza baba yake taa za lori zikizimwa mwanga wake unakwenda wapi. Baba, aliyekuwa ametoka safari na njaa inamuuma, alimjibu kwamba unaingia ndani kulala. Jioni hiyo alitafutwa nyumba nzima, akakutwa amechuchumaa mbele ya lori, shavu limegandamizwa kwenye kioo cha taa, anachungulia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na mtambo wa maji kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akaendelea na sekondari, akamaliza mwaka 1978. Darasani alikuwa wa katikati, si wa mbele si wa nyuma. Uwanjani ndiko alikojipatia sifa, na haikuwa sifa nzuri. Kwenye mbio alikuwa anatoka mbele ya wenzake wote kama mshale, halafu mbele kidogo anapunguza, anasimama, na mwishowe anakaa chini katikati ya uwanja, huku wenzake wanampita pembeni. Mwalimu wa michezo, mtu mrefu ambaye filimbi ilikuwa haimtoki shingoni, alimwandikia kwenye ripoti: "Ana miguu, hana nia." Nyumbani nako hapakuwa na utetezi. Akitumwa dukani alikuwa anakaa njiani mara mbili tatu. Kaka zake walisema huyu akitumwa chumvi, basi chakula kiive kwanza. Wote waliamini kwamba ni mvivu, na yeye mwenyewe aliamini vilevile. Alikuwa anasema bila haya, "Mimi nilivyoumbwa, kuharakisha sikupewa."

Mwaka 1980, baada ya kujifunza kupiga taipu, aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi kwenye shule ya udereva iliyokuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la rangi, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla yeye hajaajiriwa. Aliweka kigoda kwenye ngazi za ghorofa ya tatu na kumwambia mwenye shule kwamba ni kwa ajili ya wateja wazee. Wateja wazee walipanda moja kwa moja. Kigoda alikikalia yeye, kila asubuhi, akisubiri pumzi irudi.

Pale mapokezi alisikiliza kila kilichosemwa darasani, akajifunza kuendesha kwa kubembeleza walimu mmoja baada ya mwingine, akafanya mitihani, na mwaka 1986 akawa mwalimu wa kwanza wa kike katika shule ile. Jina la Mama Klachi lilitokana na maneno aliyomwambia kila mwanafunzi aliyeanza kujitetea gari likizima: "Klachi kwanza, maneno baadaye." Hakuwahi kupiga kelele ndani ya gari. Mwanafunzi mmoja alipopandisha gari juu ya bustani ya ofisi ya posta, maua yakabaki yananing'inia kwenye bampa, Mama Klachi alikanyaga breki ya upande wake, akamgeukia taratibu na kumuuliza, "Ulipofika kwenye ile kona, kichwani ulikuwa unafikiria nini?" Hakuwa anamkejeli. Alitaka kujua kweli, na walikaa pale kwenye maua wakizungumza hadi postamasta alipotoka.

Mumewe alimpata ndani ya gari hilohilo. Alikuwa fundi wa miwani mwenye duka dogo karibu na hospitali ya macho, na alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote waliowahi kuandikishwa. Macho yake yalikuwa mazima. Tatizo ni kwamba hayakutulia barabarani. "Unaangalia nini?" Mama Klachi alimuuliza siku ya kwanza. "Yule bwana pale, miwani yake imepinda upande wa kushoto." Mtihani ulimshinda mara tatu. Mara ya nne akafaulu, akapewa leseni, na wiki iliyofuata akaja tena shuleni saa yake ileile na kukaa nyuma ya usukani.

"Leseni si umeshapata? Umefuata nini?"

"Rivasi bado inanisumbua."

Rivasi ilimsumbua kwa miezi mitano. Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1990. Mungu aliwajalia binti mwaka 1992 na mtoto wa kiume mwaka 1995. Katika ujauzito wa pili alichoka kupita kiasi, akawa analala amekaa, akiwekewa mito mgongoni. Aliambiwa ni mimba tu, na mimba ilipokwisha akaambiwa ni malezi, na malezi yalipopungua akaambiwa ni umri.

Ikafika Februari 2004. Leseni ya kufundisha ilikuwa inahuishwa kwa cheti cha daktari, na kwa miaka mingi daktari aliyehusika alikuwa mzee mmoja mchangamfu aliyegonga mihuri huku anazungumza habari za mpira. Mwaka ule mzee alikuwa amestaafu. Mama Klachi alimkuta daktari kijana wa kike, ambaye alimwambia avue koti.

"Kwani siku hizi mnasikiliza?" Mama Klachi aliuliza.

"Tunasikiliza, mama. Vuta pumzi. Toa. Inama mbele kidogo."

Alisikiliza kifuani, akasikiliza mgongoni, akarudi kifuani. Kisha akauliza, "Umewahi kuambiwa kwamba moyo wako una mlio?"

"Mlio gani?"

"Kama upepo unaopita penye mlango ambao haukufungwa vizuri."

"Nipe na mimi nisikie," alisema Mama Klachi, na akanyoosha mkono. Daktari yule alisema baadaye kwamba katika kazi yake hakuna mgonjwa aliyewahi kumnyang'anya kifaa chake. Mama Klachi alikaa pale kitandani, vibomba masikioni, anasikiliza kifua chake mwenyewe, uso umemkunjamana kama mtu anayesikiliza injini ya gari la mitumba. "Kumbe," alisema mwishowe. "Enhe, halafu?"

Halafu alipelekwa kwenye kipimo kinachoitwa eko, ambacho huonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Alimwomba mpimaji ageuze skrini ili na yeye aone. Mpimaji, mtu wa maneno machache, aligeuza.

"Hapo pekundu ni nini?"

"Damu inakwenda."

"Na hapo kati?"

"Hapo inakwenda pasipotakiwa."

Daktari bingwa wa moyo ndiye aliyemweleza. Moyo una vyumba vinne, na ukuta unaotenganisha vile viwili vya juu, kwake yeye, haukumalizika kujengwa. Kulikuwa na tundu la ukubwa wa kifungo cha koti. Kwa miaka yote hiyo sehemu ya damu iliyotakiwa kwenda mwilini ilikuwa inarudi mapafuni, na upande wa kulia wa moyo ulikuwa umetanuka kwa kubeba mzigo usio wake.

"Limeingiaje?" aliuliza Mama Klachi.

"Halikuingia, mama. Umezaliwa nalo."

"Mimi nilidhani ni wanafunzi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Naye Mama Klachi alicheka, akaaga, akashuka hadi kwenye maegesho, akaingia kwenye gari la mafunzo, na hapo ndipo cheko lilipomwishia. Ufunguo aliushika mkononi, hakuutia. Alikaa muda mrefu. Mlinzi wa maegesho akaja kumgongea dirisha. "Mama, gari limegoma?"

"Gari zima," alimjibu. "Dereva ndiye kagoma."

Leseni yake ya kufundisha ilizuiwa mpaka atibiwe. Akarudishwa mapokezi, kwenye meza ileile aliyoanzia, akawa anaandikisha wanafunzi wa kufundishwa na wengine. Hilo lilimuuma kuliko tundu lenyewe.

Kilichomshughulisha zaidi miezi ile, hata kuliko hofu, kilikuwa ni swali ambalo hakuna daktari aliyeweza kumjibu. Katika maisha yake, lipi lilikuwa lake na lipi lilikuwa la tundu? Kupenda kukaa, usingizi wa mchana, kutocheza muziki harusini, hata ule utaratibu wake ndani ya gari uliomfanya apendwe: hivyo vyote ni tabia yake, au ni moyo tu uliokuwa unamwambia punguza? "Inawezekana mimi mwenyewe sijawahi kukutana na mimi," alimwambia mumewe siku moja wanakula. Mumewe akamwambia ale, chakula kinapoa.

Akamtafuta mwalimu wa michezo. Mzee alikuwa amestaafu, anafuga bata nyuma ya nyumba. Mama Klachi alimweleza yote, kuanzia zahanati hadi kifungo cha koti, na mzee alimsikiliza kwa makini, mkono kidevuni.

"Kwa hiyo ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa, mwalimu."

"Pole sana, mwanangu. Nisamehe ile ripoti." Kisha mzee akafikiri. "Lakini na ile siku ya kufyeka nyasi ulipojificha stoo, nalo lilikuwa tundu?"

Mama Klachi alikiri kwamba hiyo haikuwa tundu. Waliagana kwa kicheko, akapewa na mayai ya bata.

Kwa mama yake hapakuwa na kicheko. Aliposikia habari hizo, mama alisema neno moja, "Mimi nilikuzaa mzima. Mkunga alisema," akaingia chumbani na kufunga mlango. Siku zilizofuata akawa hali vizuri. Alikuwa anachambua miezi tisa ya mwaka 1960 na 1961 kama mtu anayekagua mshono: siku aliyomsaidia baba kusukuma lori lililonasa, dawa ya mafua aliyokunywa, ugomvi na wifi yake. Mama Klachi alipoona hivyo alimvalisha viatu, akampeleka kwa daktari bingwa, akamketisha kwenye kiti cha mgonjwa.

"Mwambie," alimwambia daktari.

Daktari alimwelekea bibi kizee. "Mama, hakuna ulichokula wala ulichobeba kilichofanya hivi. Ulishona vizuri. Hutokea tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Mbona mkunga hakusikia?"

"Siku za kwanza huwa halisikiki. Hata mimi nisingesikia."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia binti yake, na sauti ilikuwa ndogo. "Ule mwaka niliokuchapa kwa kukaa njiani na mafuta ya taa. Ulikuwa umechoka?"

Mama Klachi angeweza kusema lolote pale. Alifikiri, kwa sababu alikuwa hapendi kujibu asichokijua. "Siku nyingine nilikuwa nimechoka, mama," alisema. "Siku nyingine nilikuwa nataka tu kukaa." Mama alianza kulia, katikati ya kulia akacheka, na jioni hiyo akala.

Kazi kubwa ilibaki nyumbani. Daktari alishauri upasuaji: kifua kufunguliwa, tundu kuzibwa. Alisema wazi kwamba limechelewa kugunduliwa, kwamba kuliziba kutampa mengi lakini pengine si yote, na kwamba kuliacha ni kusubiri moyo uchoke. Fundi wa miwani hakutaka kusikia. Mtu huyu aliyefeli udereva kwa kuangalia kila kitu, safari hii alikuwa hataki kuangalia.

"Umeishi miaka arobaini na tatu nalo," alisema. "Umezaa nalo. Unafanya kazi nalo. Leo ndiyo wakupasue?"

"Sasa najua lipo."

"Kujua ndiyo kumekuumiza. Kabla ya kujua ulikuwa mzima."

"Kabla ya kujua nilikuwa na kigoda kwenye ngazi." Mama Klachi alivuta kiti. "Mwenzangu, mimi nataka kujua mtu ambaye moyo wake umefungwa vizuri anajisikiaje. Akiamka asubuhi anaamkaje. Wewe huna hata hamu ya kujua?"

"Mimi nina hamu ya kuwa na mke," alisema mumewe, akatoka kwenda kukaa barazani.

Hawakusemeshana vizuri kwa muda. Watoto walikuwa wanabeba ujumbe kutoka chumba hiki hadi kile kuhusu mambo kama chumvi na ufunguo. Mwishowe Mama Klachi hakubishana tena. Aliomba apimwe eko mara ya pili, akamwambia mumewe amsindikize tu, asiseme kitu. Mpimaji yule wa maneno machache aligeuza skrini bila kuombwa. Fundi wa miwani alivaa miwani yake, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Akasogea. Aliona ukuta, aliona pengo, na aliona damu inavyopenya pale kila moyo ulipopiga, bila kupumzika hata mara moja.

"Na hivi ndivyo inavyofanya hata akilala?" aliuliza.

"Hata akilala."

Alitazama tena kwa muda mrefu. "Tunakwenda lini?" alisema.

Upasuaji ulifanyika tarehe 21 Aprili 2005 katika hospitali kubwa ya rufaa, katika mji wa safari ya usiku mzima kwa treni. Siku ya kuandaliwa, daktari mpasuaji alipata kazi ya ziada. Mama Klachi aliuliza tundu linazibwa na nini, akaambiwa kwa kiraka kinachokatwa kwenye utando wake mwenyewe unaofunika moyo. Akafurahi sana, akasema mama yake mshonaji angekubali, kiraka lazima kiwe cha kitambaa kilekile. Akauliza moyo ukisimamishwa kazi yake inafanywa na nani. Akaambiwa ni mashine.

"Nani anaiendesha?"

"Yupo mtaalamu wake."

"Ana leseni?"

Daktari alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Ilibidi mwendesha mashine aitwe, kijana mtulivu mwenye kofia ya kijani, naye akasimama mbele ya kitanda akajieleza alisomea wapi na ameiendesha mara ngapi. Mama Klachi alimtazama mikono. "Wewe huna haraka," alimwambia. "Vizuri." Akasaini.

Alipozinduka, mumewe alikuwa ameinama kando ya kitanda. Alimsogezea sikio midomoni asikie anachosema, akitarajia labda ni maumivu. Alichosema ni, "Nishike vidole vya miguu." Mumewe akavishika. "Vina joto," alisema Mama Klachi kwa mshangao. "Vimekuwa na joto. Kwani vya watu wote huwa hivi?"

Kupona hakukuwa rahisi. Mfupa wa kifua ulimuuma, alikuwa anakohoa huku amekumbatia mto, na kwa wiki kadhaa aliogopa hata kucheka. Lakini mwezi wa nane alikwenda shuleni kuwasalimu wenzake. Alipanda ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakipita kigoda, akafika ya nne, akasimama mlangoni. Hakuingia. Aligeuka, akashuka hadi chini kwenye duka la rangi, akapanda tena, kuhakikisha haikuwa bahati. Kisha akakichukua kigoda na kumpa muuza rangi.

Tangu hapo akawa anajichunguza kama mtu aliyehamia nyumba mpya. Usingizi wa mchana ulitoweka, kumbe haukuwa wake. Alijaribu kucheza muziki kwenye harusi ya mpwa wake, akagundua kwamba hajui, ikabidi afundishwe na watoto. Alianza kukimbia alfajiri kwenye uwanja wa mafunzo, akizunguka zile koni za plastiki, polepole sana, lakini bila kukaa chini. Kupiga pasi aliendelea kukuchukia vilevile. "Hiyo kumbe ilikuwa mimi," alimwambia mumewe, na alionekana kufarijika kwamba kuna kitu kimebaki.

Leseni yake ilirudishwa Januari 2006. Daktari wa kike aliyemsikiliza mara ya kwanza akawa anamtumia wagonjwa wapya, watu wazima walioambiwa ghafla kwamba wamezaliwa na kasoro ya moyo na hawakujua waanze wapi. Aliwapakia kwenye gari la mafunzo na kuwazungusha mtaani, anaendesha yeye, akiwaacha waulize maswali yale waliyoona haya kumuuliza daktari. Ndugu zake wote aliwapeleka kupimwa. Mdogo wake wa mwisho alijifungia bafuni, akatolewa kwa vitisho. Walikutwa wazima. Mama yake alimwona akiwa mzima kwa miaka saba, akafariki mwaka 2012.

Yale ambayo daktari alisema huenda yasipatikane, kweli hayakupatikana yote. Kuanzia mwaka 2016 mapigo ya moyo yalianza kwenda kombo, akaanzishiwa dawa. Mwaka 2020 aliacha kufundisha barabarani, akawa anafundisha alama za barabarani darasani, amekaa. Hakulalamika sana, ila alikuwa anawauliza madaktari kila kidonge kinafanya nini kikishafika tumboni na kinajuaje njia ya kwenda moyoni.

Tarehe 11 Novemba 2021 binti yake alijifungua mtoto wa kike. Bibi alikuwa hospitali kabla ya mtoto, na hakukubali waruhusiwe kurudi nyumbani mpaka mjukuu apimwe eko. Wauguzi waliguna, lakini wakampima. Alikutwa na tundu mahali palepale, dogo, kama punje ya mtama. Binti yake alilia, na katika kulia akasema, "Mama, kumbe tunarithishana." Hakuwa na nia mbaya. Lakini waliokuwepo wanasema ndiyo mara ya pekee walipomwona Mama Klachi amekosa swali. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, akawa kimya hadi jioni. Daktari alieleza kwamba mara nyingi kasoro hii hairithiwi, ila mara chache hutokea ikarithiwa, kwamba tundu dogo hivi huenda likaziba, na kwamba kitu cha kufanya ni kumpima kila baada ya miezi sita. Mama Klachi alitikisa kichwa tu. Usoni, wanasema, alifanana kabisa na marehemu mama yake.

Alihudhuria vipimo vyote vya mjukuu hadi mwaka huu, 2023, aliposhindwa kutembea. Miguu ilikuwa imejaa maji, na pumzi ilikuwa fupi. Alilazwa mwishoni mwa Juni. Mwezi wa saba binti yake alimpeleka mtoto kupimwa peke yake, na kutoka hapo akaja moja kwa moja wodini, mtoto mgongoni, hajala.

"Mama, limeziba."

"Nani kaliziba?"

"Hakuna aliyeliziba. Limeziba lenyewe."

Mama Klachi aliomba ainuliwe kwenye mito. "Lini?"

"Hawajui. Kati ya Januari na sasa hivi."

"Mchana au usiku?"

"Mama."

"Alikuwa anafanya nini lilipokuwa linaziba? Hakustuka? Hakulia siku fulani bila sababu?"

Binti yake alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka. "Pengine alikuwa anakula, mama. Sijui. Hatukuona."

"Jambo kubwa hivyo," alisema Mama Klachi, "na nyumba nzima hakuna aliyeona." Akaomba apewe mtoto. Alimlaza kifuani pake, akashusha sikio lake mpaka kwenye kifua cha mjukuu, akafumba macho. Mtoto alishughulika kubandua plasta iliyokuwa kwenye mkono wa bibi. Binti alisubiri, akaona muda unapita.

"Unasikia nini?" alimuuliza.

"Nyamaza kwanza," alisema Mama Klachi. "Ndiyo nasikiliza."

Alifariki Alhamisi tarehe 3 Agosti 2023, saa mbili asubuhi, moyo ukiwa umechoka, mumewe akiwa amemshika miguu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, fundi wa miwani, ambaye anaomba radhi kwa kutoweza kusema leo. Binti mmoja na mkwe wa kiume. Mtoto wa kiume, mwalimu katika shule ileile ya udereva. Kaka wawili, dada mmoja na mdogo wake wa mwisho. Mawifi na mashemeji, wapwa wengi. Na mjukuu mmoja wa kike, ambaye atatimiza miaka miwili mwezi wa kumi na moja na ameanza kuuliza kila kitu kinaitwaje. Ameacha pia madereva wasiohesabika walioko barabarani hivi sasa.

Apumzike, dada yetu, na kila alichouliza ajibiwe kwa kirefu.